Umestaafu jeshini? Andika wasifu ambao raia ataelewa

Je, msomaji mpenzi, umewahi kumwona mwanajeshi aliyestaafu akilinda lango la duka mjini, rungu mkononi, ilhali mikono hiyo hiyo iliwahi kujenga daraja likapitisha malori? Wako wengi. Hakuna aibu yoyote katika kazi ya lindo, na mwandishi huyu habezi riziki ya mtu. Lakini ule ujuzi wa uhandisi ulipotelea wapi? Mara nyingi ulipotelea katika kurasa mbili zilizopigwa chapa kwa haraka.

Hebu tumchukue mtu wa mfano. Tuseme ni koplo wa kikosi cha wahandisi cha Jeshi la Nchi Kavu, mzaliwa wa Keumbu, aliyerudi nyumbani mwaka wa 2024 baada ya kutumika miaka 18. Umri wake ni miaka 40 hivi. Mwenzake waliyesoma pamoja, aliyeajiriwa wizarani, atastaafu akitimiza miaka 60. Yeye ameanza pensheni wakati kifungua mimba wake yuko sekondari na kitinda mimba hajamaliza shule ya msingi. Pensheni ile, baba watoto anajua, haitoshi karo na unga kwa pamoja.

Basi anateremka kwenye matatu iendayo Keroka, anapita kati ya mikungu ya ndizi pale sokoni na kuingia katika saiba.

"Afande, nikuandikie CV ya kazi gani?" kijana anauliza.

"Kazi yoyote, kijana wangu."

Kijana anafungua CV ya mteja wa jana, anafuta jina na kuandika jipya. Dakika kumi, kazi imekwisha. Chini ya uraibu, koplo wetu anapenda kusoma, kusafiri na kutazama kandanda. Chini ya tajriba ya kazi kuna mstari mmoja tu: "Nimefanya kazi jeshini, 2006 hadi 2024."

Sasa jiweke katika kiti cha meneja wa kampuni ya ujenzi mjini Kisii anayeisoma karatasi hiyo. Atajuaje kama mtu huyu alikuwa mpishi, mpiga tarumbeta au dereva wa greda? Hajui. Analojua ni kwamba wanajeshi hushika bunduki, kwa hiyo anamfikiria langoni.

Ajabu ni kwamba kazi hizi mbili, ya raia na ya jeshi, zilitoka tumbo moja. Huko Ulaya uhandisi wa ngome na barabara za vita ulikuwa kazi ya majeshi, na Mwingereza John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone na mwaka wa 1771 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha wahandisi, alijiita mhandisi wa kiraia ili watu wasimdhanie mwanajeshi. Hapa kwetu, aliyepima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria mwaka wa 1891 na 1892 alikuwa Kapteni James Macdonald wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza. Kwa hivyo mstaafu wetu haombi kuhurumiwa. Anaomba kuendelea na kazi yake akiwa amevaa nguo nyingine.

Tatizo ni lugha. Chukua mfano wa daraja la Bailey, lile la vyuma ambalo huwekwa haraka mto unapokuwa umebeba daraja la kawaida, kama mvua za El Nino zilivyofanya kote nchini mwaka wa 1997 na 1998. Donald Bailey alilibuni wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kila fremu yake ina urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 260 hivi, na hubebwa na watu sita. Fremu huunganishwa kwa pini kwenye ukingo mmoja, kisha daraja zima husukumwa juu ya magurudumu mpaka lifike ng'ambo. Kreni si lazima. Linalohitajika ni kiongozi mwenye macho: ahesabu fremu na pini, apime kama pande zote mbili ziko sawa, na ahakikishe hakuna anayekatwa vidole.

Huyo kiongozi ndiye koplo wetu! Raia wangemwita msimamizi wa ujenzi, mpangaji wa vifaa na ofisa wa usalama kazini, na pengine wangeajiri watu watatu. Basi badala ya ule mstari mmoja, aandike hivi: "Nilisimamia watu 10 kuunganisha daraja la chuma la mita 30 kwa siku mbili, bila ajali." Watu wangapi, urefu gani, muda gani, matokeo gani. Hata kisima kilichochimbwa, barabara iliyochongwa kwa tingatinga au choo cha shule kilichojengwa kiandikwe kwa vipimo. Lakini iwe kweli tupu, kwa maana katika mahojiano ataulizwa fremu ngapi zilitumika.

Cheo nacho kifafanuliwe. Raia hajui kwamba koplo huongoza kikundi cha watu kama kumi na luteni huongoza thelathini hivi. Andika cheo, kisha idadi ya watu uliowaongoza.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona kwa watu waliotoka jeshini, nalo ni gumu kuliko yote. Hawasemi "nilifanya". Husema "tulifanya". Wamefunzwa hivyo, na kambini ni tabia njema. Kwenye wasifu, hata hivyo, humficha mtu. Hapa ndipo wewe mwanafunzi wa chuo unapohitajika nyumbani. Keti na baba jioni, daftari mkononi, umwulize: "Baba, siku ile wewe mwenyewe ulikuwa umeshika nini?" Mama naye asikilize, kwani anakumbuka safari ambazo mzee amezisahau. Jioni mbili za maswali zinashinda saiba zote za kaunti.

Yako ya kuachwa nje pia. Kenya ina Sheria ya Siri za Serikali tangu 1968, na kustaafu hakumfungui mtu. Mahali zilipo ghala, aina na idadi ya silaha, mipango ya operesheni, hayo yasikanyage karatasi. Mwajiri wa barabara hayahitaji hata hivyo.

Sasa tuje kwenye vyeti, na hapa ningemsihi aliye bado kambini aanze mapema, kabla ya mwaka wake wa mwisho. Cheti cha jeshi peke yake huenda kisimwambie raia kitu. Aliyejifunza uashi, umeme, bomba au uchomeleaji kazini anaweza kufanya mtihani wa vitendo wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, unaoanza na daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Mwenye stashahada ya uhandisi au cheti cha ufundi aende kwa KETRB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Mwenye shahada aende kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Na hapa tahadhari: chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, kujiita mhandisi bila kusajiliwa na bodi hiyo ni kosa. Koplo wetu, hata kama kambini aliitwa mhandisi kila siku, aandike "fundi wa ujenzi" au "msimamizi wa ujenzi" mpaka asajiliwe. Aliyeendesha greda au tingatinga ahakikishe pia kwamba leseni yake ya kiraia inataja daraja G, la mitambo ya ujenzi.

Cheti cha polisi cha maadili mema huombwa kwa mtandao wa eCitizen, kisha alama za vidole huchukuliwa katika kituo cha Huduma, na mjini Kisii kipo.

Kuhusu wadhamini, wengi huorodhesha maafande watatu. Weka afande mmoja, kisha utafute raia aliyeiona kazi yako: mwalimu mkuu ambaye shule yake ilipata kisima, au chifu ambaye watu wake walivuka daraja lile. Mpigie simu kwanza kabla ya kuandika nambari yake.

Ukurasa wa kwanza uanze na kazi unayoitaka, kwa jina lake. Ile "kazi yoyote" ibaki mlangoni. Na ukimaliza kuchapisha, jitumie nakala kwa baruapepe yako na uifute kwenye kompyuta ya saiba, la sivyo kesho kuna kijana wa Keroka atakayekwenda mahojiano akiwa amejenga daraja la mita 30.