Insulini katika nyumba yako

Ndugu mfanyakazi, kama munganga amekupa insulini ya kujidunga nyumbani, ujue kwamba kazi ya farmasi haiishi mlangoni pa dispanseri. Sasa mlinzi wa dawa ile ni wewe pamoja na bibi yako.

Chupa isiyofunguliwa inataka baridi ya digri 2 mpaka 8. Iweke katika frigo, mbali na barafu. Insulini iliyoganda imekufa: hata ikiyeyuka na kuonekana safi, usijidunge nayo. Sukari itapanda katika damu, nawe utafikiri umejitunza. Kuitupa ni hasara kweli, lakini itupe.

Hauna frigo, ao umeme unakatika? Tia chungu kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga wenye maji katikati. Funika kwa kitambaa kibichi, pahali pa kivuli penye upepo. Mchanga usikauke.

Andika juu ya chupa siku ya kuifungua. Nyingi hazipiti majuma 4. Insulini iliyokuwa safi kama maji ikiingia ukungu, irudishe dispanseri. Ile nyeupe kama maziwa ni desturi yake. Iviringishe polepole mikononi mbele ya kujidunga.

Na sindano zilizotumika? Katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, si jalalani. Watoto wetu wanacheza pale.