Kwa nini kiyoyozi cha gari hupuliza hewa ya joto, na kwa nini kujaza gesi si tiba ya kila mara?

Mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, dereva anaweza kuinua macho akaviona vilele vya Rwenzori vyenye barafu huku jasho likimtiririka ndani ya gari. Mji huo umo chini katika Bonde la Ufa, karibu na mstari wa Ikweta, na joto la mchana mara nyingi hufikia nyuzi 30 za Selsiasi.

Kutoka hapo hadi Bwera na kituo cha mpakani cha Mpondwe, kwenye mpaka na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ni mwendo wa kilomita zipatazo 50. Katika safari kama hiyo kiyoyozi kibovu humchosha dereva na kumpunguzia umakini.

Wengi wanapoona hewa imeacha kuwa baridi, hukimbilia gereji na kuomba kujaziwa gesi. Aghalabu hewa hupoa kwa wiki chache, kisha joto hurudi, na fedha zimekwisha kutumika.

Gesi haiishi kama petroli

Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kompresa, inayoendeshwa na injini, huikandamiza hadi ikawa ya moto sana. Kisha hupita katika kondensa, kifaa kinachofanana na radiata na kilicho mbele yake, ambako huachia joto lake na kugeuka kimiminika. Mwisho hupunguziwa shinikizo ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi, hapo hugeuka tena kuwa gesi na kunyonya joto la hewa inayopulizwa kwa abiria.

Kwa hiyo, gesi ikipungua sana kwa muda mfupi, maana yake ni moja: kuna mahali inapovuja. Kuijaza bila kuziba tundu ni sawa na kumimina maji katika mtungi uliopasuka.

Dalili zinazosema ukweli

Kabla ya kulipa, dereva anaweza kuchunguza mambo kadhaa bila kifaa chochote.

Kwanza ni nguvu ya hewa. Ikiwa hewa inatoka kwa udhaifu, huenda gesi haina kosa. Barabara zenye vumbi huziba haraka chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi limewekwa nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kulisafisha au kulibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Pili ni mwendo wa gari. Ikiwa hewa ni baridi gari linapokwenda kasi kuelekea Bwera, lakini hugeuka vuguvugu likisimama kwenye foleni ya Mpondwe, mshukiwa mkuu ni kondensa. Gari likienda, upepo huipoza. Likisimama, hutegemea feni. Feni iliyokufa, au kondensa iliyozibwa na vumbi, matope na wadudu, huleta dalili hiyo hiyo. Kondensa husafishwa kwa maji ya nguvu ndogo, kwa kuwa maji makali hupinda mapezi yake membamba.

Tatu ni sauti. Katika magari mengi, kitufe cha kiyoyozi kikibonyezwa injini ikiwa inanguruma, husikika mlio mfupi wa klachi ya kompresa ikishika. Usiposikika, tatizo linaweza kuwa fyuzi, rilei, waya, au gesi iliyopungua kiasi cha kuufanya mfumo ujizime ili kuilinda kompresa.

Nne ni alama za unyevu. Maji yanayodondoka chini ya gari wakati kiyoyozi kinafanya kazi ni ya kawaida, kwani ni mvuke wa hewani uliopozwa. Doa la mafuta kwenye maungio ya mabomba, kwenye kondensa au kwenye kompresa ndilo la kutiliwa shaka, kwa sababu mafuta ya kompresa huzunguka pamoja na gesi na hutoka nayo inapovuja.

Kazi ya fundi

Hatua zinazofuata zinahitaji fundi mwenye vifaa. Gesi imo katika shinikizo kubwa, na ile ya R-134a, inayotumika katika magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikimrukia mtu inaweza kugandisha ngozi au kuharibu jicho.

Fundi makini hupima shinikizo kwa geji, hutafuta mvujo na kuuonyesha, hubadilisha mpira au bomba lililoharibika, kisha hutumia pampu kufyonza hewa na unyevu kabla ya kujaza. Kiasi cha gesi hupimwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ikizidi pia hupunguza ubaridi na kuilemea kompresa.

Aina ya gesi nayo ni muhimu. Mchanganyiko wa gesi za kupikia hupoza, lakini huwaka moto, na mfumo usioundwa kwa ajili yake unaweza kusababisha ajali.

Hasara isiyoonekana

Gesi inayovuja haipotei bure. Kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto takriban mara 1,400 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana mnamo Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza hatua kwa hatua matumizi ya gesi za kundi hilo.

Kwa dereva wa Kasese, hesabu ni nyepesi zaidi. Swali la kumuuliza fundi kabla ya bei ya gesi ni hili: inavujia wapi?