Kelele za Kiwanda Zaingia Katika Muziki

Ndugu wafanyakazi, mtu anayetoka zamu ya usiku hatafuti kelele nyingine, anatafuta usingizi. Basi huenda mkashangaa kusikia kwamba yuko mtunzi wa muziki aliyekwenda kiwandani kwa makusudi kuzitafuta kelele hizo, akazipeleka mbele ya watu waliovaa nguo za sherehe.

Mtunzi huyo ni Luigi Nono wa Venice, Italia, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha nchi yake. Mwaka 1964 aliingia katika kiwanda cha chuma cha Italsider huko Cornigliano, Genoa, pamoja na mshairi Giuliano Scabia na fundi wa sauti Marino Zuccheri. Walinasa ngurumo za matanuri na mlio wa mitambo inayobana chuma cha moto kuwa mabamba. Naye Scabia alikusanya maneno: habari za kuungua, za hewa yenye sumu, za kuharakishwa kazini, na lugha kavu ya mikataba ya kazi.

Kutoka hapo walikwenda Milano, kwenye studio ya sauti iliyoanzishwa na redio ya taifa, RAI, mwaka 1955. Siku zile hapakuwa na kompyuta ya kurahisisha mambo. Utepe wa sumaku ulikatwa kwa wembe, ukaungwa kwa gundi, ukarudishwa nyuma, ukapunguzwa au kuongezwa mwendo. Sauti nyingine zilitengenezwa kwa mitambo ya umeme tu, bila ngoma wala filimbi. Ilikuwa kazi ya mikono, na mikono ya Zuccheri ilikuwa na sehemu kubwa humo, ingawa wapenzi wa muziki hulitaja jina la mtunzi peke yake. (Sisi wa viwandani jambo hilo si geni kwetu.)

Muziki huo uliitwa "La fabbrica illuminata", yaani kiwanda chenye mwanga. Utepe hutoa sauti kwa njia nne, kupitia vipaza sauti, na mwimbaji mmoja wa kike huimba akiwa amesimama jukwaani. Mwimbaji wa kwanza alikuwa Carla Henius wa Ujerumani. Sauti yake ilikuwa pia ndani ya utepe, kwa hiyo aliimba akishindana na ngurumo, na kwaya, na yeye mwenyewe.

RAI ndiyo iliyokuwa imeuagiza muziki huu kwa tamasha la Genoa. Ilipoyaona maneno yake iliukataa. Ukapigwa mara ya kwanza Venice, Septemba 1964.

Nono aliutoa kwa heshima ya wafanyakazi wa Cornigliano, kisha akawapelekea wausikilize. Alieleza baadaye kwamba hawakuuliza kama huu ni muziki au si muziki, swali walilokuwa wakiling'ang'ania wasomi. Waliuliza umetengenezwaje. Tena walimwambia kuwa kazini walikuwa hawazisikii tena kelele zile. Walikuwa wamekwisha kuwa kama mashine. Walipozisikia wakiwa wameketi, ndipo walipotambua wanaishi katika hali gani.

Sitawadanganya: si muziki wa kuchezea dansi, na asiyeuzoea ataona dakika zake kama kumi na saba ni ndefu. Lakini yeyote aliyesimama miaka kadhaa kando ya korona ya mkonge au mashine ya kufuma anajua jinsi sikio linavyoacha kulalamika kabla halijaharibika, na jinsi msimamizi anavyouita ukimya huo mazoea.

Tanuri kuu la Cornigliano lilizimwa mwaka 2005. Studio ya Milano ilikuwa imefungwa tangu 1983. Muziki bado unaimbwa, na mwisho wake uko vile vile: utepe hunyamaza, vipaza sauti hunyamaza, na ukumbini husikika sauti ya mwanamke mmoja, bila mtambo wowote.