Matokeo ya kidato cha nne: Mzazi Babati atazame nini?

Na Mwandishi Wetu, Babati

KILA Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, wazazi mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, huanza kulinganisha shule. Swali huwa moja: ipi imefaulisha? Jibu lake halipatikani kwa kuhesabu daraja la kwanza pekee.

Daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa. Alama A ni pointi moja, F ni tano. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza. Mwenye 34 au 35 hupata sifuri.

Hesabu hiyo haielezi mwanafunzi aliingiaje shuleni. Shule nyingi za binafsi na seminari huchuja kwa mtihani wa usaili. Shule za serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru mkoani Arusha, hupokea waliong'ara darasa la saba. Shule ya kata hupokea watoto wa eneo lake, wakiwamo wa wakulima na wafugaji. Baadhi yao huzungumza Kiiraqw au Kigorowa nyumbani, husoma msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kidato cha kwanza.

Shule hizo ziliongezeka kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004, wananchi wakichangia nguvu na fedha. Walimu na maabara havikuongezeka kwa kasi hiyo. Katika mtihani wa mwaka 2012, matokeo ya awali yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini wamepata sifuri, na mwaka 2013 Serikali ikaagiza yapangwe upya. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma ilifutwa mwaka 2016, milango ikapanuka zaidi.

Tuchukue mfano. Shule moja ina watahiniwa 40, na 30 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu, sawa na asilimia 75. Nyingine ina 150, na 45 wamefikia hapo, sawa na asilimia 30. Kwa asilimia, ya kwanza inaongoza. Kwa idadi, ya pili imevusha watoto wengi zaidi. Na kama ya kwanza ilianza na wanafunzi 60, wale 20 walikwenda wapi?

Nchini Marekani, hoja kama hiyo huzishikilia shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba, zilizoruhusiwa kwanza na sheria ya Minnesota ya mwaka 1991.

Januari 2023, NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Hata hivyo, matokeo ya kila shule huonyesha madaraja ya wasichana na wavulana. Mzazi ayasome, kisha aulize shuleni: walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na wasichana wangapi walifika chumba cha mtihani?