Mwanao anataka kuhama chuo cha udaktari? Uliza haya kabla ya kulipa

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, alikuja kuniona kliniki hapa Bukoba. Aliniambia dawa zake za presha anameza kila siku, lakini kipimo kilisoma 178 kwa 104. Nikampumzisha, nikapima tena, hali ileile. Ndipo nikamuuliza usiku analala na mawazo gani.

"Daktari mwanangu, ni huyu mtoto."

Kijana wake yuko mwaka wa tatu wa udaktari nje ya nchi. Ada imepanda pamoja na dola, naye anataka kurudi amalizie nyumbani. Wakala mmoja ameomba milioni tatu ili "amwingize" mwaka wa nne. Mama alikuwa ameshapata mnunuzi wa sehemu ya kibanja. Ameniruhusu nisimulie, ila nisimtaje jina.

Kama nawe una mtoto wa namna hiyo, soma taratibu. Kama huna, soma pia, maana huyo kijana ndiye atakayekupima wewe miaka michache ijayo.

Kuhama si kosa wala si aibu. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, Watanzania waliokuwa wakisomea udaktari huko walilazimika kuvuka mipaka na mabegi tu, wengine bila hata karatasi ya matokeo. Wapo wanaohama kwa ugonjwa, wapo wanaoishiwa ada.

Ugumu uko kwenye mpangilio wa masomo. Udaktari nchini kwetu ni miaka mitano. Miaka miwili ya kwanza kwa kawaida ni muundo wa mwili, utendaji wake, kemia yake, vijidudu na dawa. Baada ya hapo mwanafunzi anaingia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Anatomia ya mkono ni ileile popote duniani. Wodi si ileile. Aliyesoma kwenye baridi anaweza kufika mwaka wa nne hajawahi kumwona mtoto mwenye degedege la malaria, wala mgonjwa wa selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa. Na kama wagonjwa walizungumza lugha asiyoijua vizuri, hata kuuliza "inauma wapi?" hakujifunza sawasawa.

Ndiyo maana chuo kinachompokea, kwa kufuata taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), hupitia somo kwa somo. Mara nyingi humrudisha nyuma mwaka mmoja au zaidi. Wazazi huona wameonewa. Mimi nilihama nikiwa mwaka wa tatu, nikarudishwa mwaka wa pili, nikalia wiki nzima. Chuo nilichotoka kilichukua miezi mitano kunipa matokeo yangu, na hadi leo nikikumbuka naudhika. Lakini mwaka ule niliourudia ndio ulionifundisha kulishika tumbo la mgonjwa na kujua lipi ni la kupasuliwa leo na lipi linasubiri. Nisingeupata kwa kurukishwa.

Sasa, kabla hujauza kitu. Mwambie mtoto aombe matokeo rasmi yenye mhuri, pamoja na maelezo ya kila somo na saa alizosoma. Aombe akiwa bado chuoni, kwa sababu akishaondoka wanamsahau. Aulize TCU kama chuo anachotoka kinatambuliwa. Kama hajaenda nje bado, achukue kwanza cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi. Chuo kinachompokea kiandike barua inayosema ataingia mwaka gani. Barua, si simu. Kama ana mkopo, azungumze na Bodi ya Mikopo kabla ya kuhama. Wakala anayetaka fedha ili kuruka mwaka, mwache aende zake.

Tena hakuna njia ya mkato mbele. Aliyesoma nje hukutana na mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha kuna miezi 12 ya utarajali hospitalini. Wewe mgonjwa una haki ya kumuuliza daktari kama amesajiliwa na Baraza. Hatuchukii kuulizwa, au tusingepaswa kuchukia.

Nilipommalizia mama yule maelezo haya, alinyamaza, kisha akasema ukweli: vidonge alikuwa akimeza siku moja, anaruka siku moja, ili senti zifike kwenye ada. Mnajua nyie wazazi mnaofanya hivi. Presha haina dalili mpaka siku inapopasua mshipa kichwani, na mwanafunzi aliyefiwa na mlipa ada hahami chuo, anaacha.

Alirudi Jumanne: 146 kwa 88. Bado iko juu, tumeongeza dozi. Kibanja hajakiuza. Kijana ameomba kuingia mwaka wa tatu upya, wanasubiri barua.