Kompyuta ndogo ya mezani: uliza kizazi kabla ya bei

Wafanyabiashara wa Busia na Tororo wanaotafuta kompyuta ya nyumbani, watoto wasomee na hesabu za mizigo ziandikwe humo, mara nyingi huonyeshwa zile ndogo zilizotumika maofisini: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Ni mashine nzuri na hazili umeme mwingi. Lakini stika ya i5 pekee haitoshi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-8500T ni cha 8. Hata ukiikuta na Windows 11 tayari, iwashe usome namba mwenyewe.

RAM iwe GB 8, diski iwe SSD. Dai adapta yake hasa. Haina betri, umeme ukikatika inazima papo hapo, kwa hiyo tenga pesa ya UPS.

Kwa anayevuka nayo: cheti rahisi cha uasili, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa za Afrika Mashariki. Kompyuta iliyotengenezwa China haimo. Beba risiti, itangaze forodhani.