Jina Linalonyonywa

Kwa Wateso, jina huanzia kwenye kidole. Nyanya mzaa baba, ambaye kwa Kiteso ni tata, huchovya kidole katika ajon, pombe ya wimbi, akamtilia mtoto mchanga mdomoni huku akitaja majina ya wazee waliotangulia. Jina likitajwa na mtoto akanyonya, hilo limekuwa lake. Akigeuza uso au akikitema kidole, nyanya hakasiriki. Huchovya tena, akamwita marehemu mwingine.

Mweleze daktari wa watoto habari hii naye atatabasamu. Anajua kwamba mtoto mchanga mwenye afya hunyonya karibu kila kinachomgusa kaakaa: titi, ncha ya shuka, hata ngumi yake mwenyewe. Mguse shavu, atageuza kichwa upande huo huo, kinywa wazi, akitafuta. Mwekee kidole kiganjani, atakifumbata kwa nguvu zisizolingana na mwili wake. Kichwa chake kikilegea ghafla kwenda nyuma, atatanua mikono, kisha ataikunja kifuani kama anayekumbatia mtu. Mshtuko huo ulielezwa na daktari Ernst Moro mwaka 1918, na hadi leo vitabu vya udaktari huuita kwa jina lake. Hakuna aliyemfundisha mtoto lolote kati ya haya. Basi, atasema daktari, jina litakalotajwa kwanza ndilo litakaloshinda, na nyanya anajua hivyo.

Hapo daktari ameharakisha. Aliyewahi kulea anajua kwamba mtoto aliyeshiba hanyonyi, na mwenye usingizi hata umtekenye nyayo hashughuliki nawe. Mwenye njaa naye hunyonya mara moja au mbili, akigundua kidole hakitoi kitu anakiachia na kuangua kilio. Majibu yapo, na hutofautiana saa kwa saa. Isitoshe, daktari huyo huyo akizunguka wodini asubuhi huvaa glavu, akamtia mtoto kidole mdomoni, akangoja. Anataka kujua kama ananyonya, na kwa nguvu kiasi gani. Mtoto mchanga anayeshindwa kunyonya ni dalili ya hatari ambayo kila mhudumu wa afya ya jamii nchini Kenya hufundishwa kuitambua. Mmoja anatafuta ugonjwa, mwingine anatafuta babu, na wote wawili wametumia kidole.

Tuiangalie nguvu hiyo ya kunyonya inakotoka, maana haizaliwi siku ya kuzaliwa. Wiki tatu hivi baada ya mbegu ya mwanamume kuungana na yai, moyo wa kiumbe huanza kupiga, mara nyingi kabla mama hajajua kama ana mimba. Mapema katika miezi ya kati, picha za mashine humwonyesha akiwa na kidole gumba mdomoni. Humeza pia maji ya uzazi yanayomzunguka, nayo hubeba ladha ya chakula alichokula mama, kwa hiyo mtoto wa Kiteso huonja jiko la mama yake kabla hajaliona. Lakini kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio bila kupaliwa ni kazi ngumu, na haikamiliki hadi karibu wiki ya 34. Anayezaliwa kabla ya hapo, yule tunayemwita njiti, mara nyingi hulishwa kwa mpira mwembamba hadi atakapokomaa. Huyo angeletewa kidole cha ajon huenda asingekijibu kwa nguvu.

Katika Busia, kaunti ya Kenya wanakoishi Wateso, jambo hili si la vitabuni. Malaria ya mwanamke mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto damu, akazaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati. Ndiyo maana kliniki humpa mama chandarua, vidonge vya kuzuia malaria na vya kuongeza damu. Vidonge vya damu vina mshindani sokoni: odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito wa magharibi ya Kenya huyatafuna kwa uchu. Nimeona mama akimeza kidonge cha madini ya chuma, kisha akasindikiza kwa kipande cha odowa, ambacho kinaweza kuyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Wauguzi hukemea, wanunuzi hawapungui.

Wateso ni ndugu wa Waturkana na Wakaramojong, na lugha zao zinajuana. Walikwisha kukaa hapa Waingereza walipouhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda mwaka 1902 na kuutia upande wa pili, upande ambao leo ni Kenya, wakawatenganisha na ndugu zao waliobaki Uganda. Ndiyo sababu anayehitajika kuja kumpa mtoto jina anaweza kuwa anatoka Tororo, Uganda, akavuka mpaka wa Malaba kando ya foleni ya matrela akiwa na kifurushi cha wimbi. Mpaka hauna mamlaka juu ya ateker, yaani ukoo.

Na hapo ndipo penye utamu wa mambo. Mtoto ni wa ukoo wa baba, majina yanayotajwa ni ya wazee wa baba, lakini anayeyatunza na kuyatamka ni mwanamke aliyetoka ukoo mwingine, kwa kuwa Mteso haoi ndani ya ukoo wake. Kila ukoo una etale yake, yaani miiko na taratibu za kumlinda mtoto: chakula ambacho mama asile, mnyama ambaye watu wa ukoo hawamgusi, namna ya kumtoa mzazi nje na kumrudisha kwenye kazi. Bibi harusi huja na miiko ya kwao, akaiacha na kujifunza ya mumewe. Walimu wake ni wake wengine wa ukoo huo, waliofunzwa vivyo hivyo na waliowatangulia. Wanaume hujua kwamba etale ipo. Ukiwauliza undani wake, wengi watakuelekeza jikoni. Ivan Karp, Mmarekani aliyeishi na Wateso wa Kenya na kutoa kitabu juu yao mwaka 1978, aliandika sana kuhusu chungu cha ajon na wazee wanaokizunguka na mirija yao. Kwa maoni yangu tone moja kwenye kidole cha nyanya lina uzito kuliko chungu kizima, maana chungu huwakutanisha walio hai tu.

Mapacha hawahitaji kidole. Wao huja na majina yao: Opio na Odongo wakiwa wavulana, Apio na Adongo wakiwa wasichana, na anayewafuata ni Okello au Akello. Wajaluo nao hutumia majina hayo hayo, kwa hiyo Odongo akishuka kwenye basi Busia huwezi kujua atasalimia kwa lugha gani.

Siku hizi wengi huzaliwa hospitalini. Tangu Juni 2013 serikali ilipofuta ada za kujifungua katika vituo vya umma, mama wa vijijini humaliza safari ya uchungu juu ya bodaboda, chombo ambacho jina lake lenyewe lilizaliwa mpakani hapa, enzi za baiskeli zilizobeba watu kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Mtoto huchanjwa kifua kikuu na polio mwanzoni kabisa; na Busia ni miongoni mwa kaunti nane za kwanza za Kenya kupokea chanjo ya malaria mwaka 2019. Hayo hayana mgogoro na etale. Mgogoro uko kwenye ajon. Muuguzi husema titi peke yake kwa miezi sita, hata maji asipewe, seuze pombe. Anasema kweli. Kuna nyanya wanaomsikia na kuna wanaomwitikia tu. Nikiulizwa mimi, ningekiangalia kidole kabla ya pombe: kimeoshwa? Tumbo la siku chache halina kinga ya kuhimili uchafu wa kucha.

Jambo moja kliniki na jikoni wanakubaliana bila kuambiana: maziwa ya kwanza yasimwagwe. Wafugaji wanayajua kwa ng'ombe, na Kiswahili kina neno lake, dang'a. Ndama aliyekosa dang'a huwa dhaifu, na hakuna mfugaji anayehitaji kusomewa hilo. Kwa mtoto ni yale mazito ya manjano yenye kinga ya mama, na hayangoji. Ndani ya saa ya kwanza mtoto aliyelazwa kifuani pa mama huanza kujisogeza kuelekea titi, akiongozwa na harufu.

Mama huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na kijitabu cha kliniki, na mtoto mkononi ana utepe ulioandikwa neno Bebi, likifuatwa na jina la mama. Nyumbani hilo halihesabiki kuwa jina. Wanawake wa ukoo wameketi, wimbi limeiva chunguni, tata amenawa mikono mara mbili kwa sababu mkaza mwana alimwomba kwa adabu. Anamtazama mjukuu. Amenyonya sasa hivi, amelala, matone ya maziwa yako kwenye kidevu. Shangazi ana haraka, anataka waanze.

"Mwacheni," tata anasema. "Nitamuulizaje mtu aliyeshiba? Ngojeni aone njaa."